Kumchunguza Mtu Kabla ya Kumwajiri Nairobi: Namna ya Kupata Rekodi ya Jinai kwa Pesa Kidogo na kwa Njia ya Haki

Cheti cha kwanza cha maadili mema, yaani cheti cha polisi kuhusu rekodi ya jinai, nilichowahi kuletewa na mtu wa kazi kilikuwa bandia. Kililetwa na biuro moja ya mayaya huku Eastlands, kikiwa kwenye mfuko wa plastiki, kina nembo, kina muhuri, kina picha ya dada aliyesimama mbele yangu. Nikakipokea na kumkabidhi watoto 14 wa kituo changu cha malezi, Donholm.

Wiki ya tatu tukiwa tunamenya viazi, nikamuuliza kama alipanga foleni ndefu siku ya kuchukuliwa alama za vidole. Akanitazama kwa mshangao. Alama za vidole alitoa mara moja tu maishani mwake, siku ya kuomba kitambulisho. Biuro ilikuwa imemtoza shilingi 3,500 ikamwambia cheti kitakuja chenyewe. Yeye mwenyewe hakujua kuwa amebeba karatasi ya uongo. Nilimlipia cha kweli, kikaja safi, akafanya kazi kwangu miaka minne.

Tangu siku hiyo nimelishika jambo hili kwa mikono yangu mwenyewe, na kila mzazi au mwenye duka anayeniuliza namwelekeza vivyo hivyo. Kazi yenyewe si ngumu wala ghali. Ina utaratibu wake tu, na utaratibu huo unaanza kwa kuelewa mahali rekodi zinapokaa.

Rekodi inakaa kwenye vidole

Kenya haina tovuti ambapo mtu wa kawaida anaandika jina la jirani yake na kuonyeshwa makosa yake yote. Rekodi za jinai zinatunzwa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, na zimepangwa kwa alama za vidole. Mtu akikamatwa na kufunguliwa mashtaka, alama zake huchukuliwa kituoni na kupelekwa makao makuu. Kesi ikiisha, matokeo nayo yanapaswa kufuata huko huko. Majina hayaaminiki kwa kazi hii: kuna akina Kamau, Otieno na Mutua maelfu katika jiji hili, wanawake hubadilisha jina wakiolewa, na wako wanaotaja jina la ndugu yao wakishikwa. Kidole hakikopeshwi.

Kutokana na hilo, anayeahidi kukupa rekodi ya polisi ya mtu kwa kupewa jina na nambari ya kitambulisho tu, tena ndani ya saa mbili, anafanya moja kati ya mambo mawili. Ama anakutungia uongo, ama anamhonga mtu aliye ndani ya DCI. Ukimlipa, umeingia naye. Tovuti za Marekani zinazouza ripoti kwa dola chache nazo hazikusaidii kitu, kwa kuwa zinakusanya kumbukumbu za mahakama za huko. Hazina jalada hata moja la mahakama ya Makadara.

Njia ya halali ya kuipata rekodi ya polisi ni mwenye vidole kuiomba mwenyewe na kukuonyesha. Mengine yote nitakayoeleza hapa chini ni ya kuijazia hiyo.

Kwanza, zungumza naye

Watu wengi huruka hatua hii kwa aibu, wakaanza kuchunguza kwa siri. Mimi naona aibu iko kwenye siri. Mwite mtu, mpe kiti, mwambie: "Dada, hapa tunalea watoto wa watu. Kila anayeingia tunaomba cheti cha polisi, hata mimi ninacho, hiki hapa. Nitakulipia. Kabla hujaenda, kuna jambo lolote ungependa kunieleza wewe mwenyewe?" Kisha nyamaza, mpe nafasi. Katika miaka tisa, watu watatu wamenieleza mambo yao kwa swali hilo, na wawili kati yao niliwaajiri.

Idhini ichukuliwe kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, iliyotokana na haki ya faragha katika kifungu cha 31 cha Katiba, inamtaka anayekusanya habari za mtu awe na sababu inayokubalika kisheria, aieleze, na asikusanye zaidi ya anachohitaji. Alama za vidole zenyewe zimo katika kundi la data nyeti. Si lazima uwe kampuni kubwa ndipo sheria hii ikuhusu. Mimi natumia karatasi hii, na unaweza kuinakili ilivyo:

"Mimi, ………, mwenye kitambulisho nambari ………, nimeelezwa kwamba ……… anakusudia kuniajiri kazi ya ………. Nakubali kuomba cheti cha polisi na kumwonyesha. Nakubali awasiliane na waajiri wangu wa zamani ninaowataja hapa chini, na atafute jina langu katika hukumu za mahakama zilizo wazi kwa umma. Habari hizi zitumike kuamua kuhusu kazi hii tu. Nisipoajiriwa, nakala zote ziharibiwe. Naweza kuiondoa idhini hii wakati wowote." Sahihi zote mbili, tarehe, na nakala moja abaki nayo.

Angalia pia wakati wa kuuliza. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yanamtaka mwajiri asidai vyeti hivi mpaka awe anakusudia kweli kumpa mtu mkataba. Kuwaambia watu 40 waliotuma maombi waje kila mmoja na cheti chake, ilhali unamtaka mmoja, ni kuwanyang'anya maskini pesa zao. Chagua kwanza, ndipo uombe.

Kuomba cheti kupitia eCitizen

Cheti hiki mtaani kila mtu anakiita Good Conduct. Kwenye mfumo wa serikali jina lake ni Police Clearance Certificate, na utahitaji kulijua ili usipotee ukikitafuta.

Mwombaji anaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa akaunti yake mwenyewe. Kama hana, inafunguliwa kwa nambari ya kitambulisho na simu yake. Nasisitiza simu yake. Wahudumu wa saiba wana tabia ya kutumia simu na barua pepe zao ili mambo yaende haraka, halafu baada ya wiki mbili mtu hawezi kufungua akaunti yake mwenyewe na analipishwa tena "kuitafuta". Kaa karibu naye anapofunguliwa, na nywila aiandike mahali pake.

Ndani ya eCitizen anachagua huduma za DCI, kisha ombi la cheti. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kosa dogo hapo hurudisha ombi zima. Akimaliza, mfumo unatoa ankara. Ada ni shilingi 1,050: elfu moja ya cheti na hamsini ya mfumo. Inalipwa kwa M-Pesa kupitia nambari ya malipo ya serikali, 222222, na nambari ya akaunti ni ile iliyo kwenye ankara. Anayekuambia utume kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, hata kama amesimama nje ya ofisi ya serikali na ana kitambulisho shingoni, usimtumie.

Baada ya kulipa, chapisha vitu viwili. Cha kwanza ni ankara, nakala mbili. Cha pili ni fomu ya C24, ambayo ndiyo itakayopigwa alama za vidole, nayo ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Nimeona watu wakitoka Ruai alfajiri, wakifika dirishani wanarudishwa kwa sababu saiba iliwachapishia kurasa mbili mbalimbali. Hakikisha kabla hamjatoka dukani.

Ukijumlisha ada, karatasi na nauli ya matatu kwenda na kurudi, hesabu haizidi sana 1,500. Pesa hizo azilipe nani? Kwangu analipa mwajiri. Yaya anayetafuta kazi mara nyingi hana hata nauli ya kesho, na ukimbebesha gharama hiyo ndiyo unamsukuma kwenye mikono ya wauza vyeti bandia.

Siku ya alama za vidole

Nairobi zinachukuliwa makao makuu ya DCI, barabara ya Kiambu, au kwenye Huduma Centre. Ya GPO, barabara ya Kenyatta, ndiyo inayojulikana zaidi kwa sababu matatu nyingi zinamshusha mtu karibu. Huku Eastlands tuna ya Makadara na ya Eastleigh, na upande wa pili iko ya Kibra. Aende mapema. Abebe kitambulisho halisi, nakala yake, ile C24 na nakala za ankara.

Jambo moja dogo ambalo hakuna aliyenieleza, nikalijua baada ya watu wangu wawili kurudishwa: vidole vya mtu wa kazi ngumu hulika. Mtu aliyefua nguo kwa mikono miaka kumi, aliyeshika dawa ya kuondoa madoa, aliyebeba mawe au kuchomelea vyuma jua kali, mistari ya vidole vyake haionekani vizuri kwenye wino. Alama zisiposomeka anaitwa kurudia. Kwa hiyo siku nne tano kabla, apumzishe mikono na maji ya sabuni kadiri anavyoweza, ajipake mafuta ya kulainisha ngozi kila usiku, na asubuhi ya siku yenyewe anawe na kukauka kabisa, bila mafuta. Wengi wamepita mara ya kwanza kwa njia hiyo.

Halafu ni kusubiri. Kwa watu wangu imekuwa wiki mbili hivi, mara nyingine mwezi. Cheti kikiwa tayari kinapakuliwa kwenye akaunti ile ile ya eCitizen. Katika kipindi hicho, kama una haraka, mtu anaweza kuanza kazi chini ya macho yako, bila funguo na bila kubaki na watoto peke yake. Mweleze wazi kwamba ni kwa muda tu.

Kukisoma cheti

Usipokee karatasi. Mwombe afungue akaunti yake mbele yako, kwenye simu yake au kompyuta yako, na apakue cheti hapo hapo. Hiyo ndiyo dawa ya cheti bandia, na haikugharimu hata shilingi. Ulinganishe jina, nambari ya kitambulisho na picha, kisha utazame tarehe ya kutolewa. Cheti kinasema hali ilivyokuwa siku hiyo. Waajiri wengi hawakubali chenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja, na mimi nafanya vivyo hivyo.

Kikisema hakuna rekodi, maana yake ni kwamba alama hizo hazikulingana na rekodi yoyote ya jinai iliyoko DCI. Ndilo neno lenyewe, wala haliongezeki. Kesi nyingi za wizi wa nyumbani hapa jijini hazifiki hata kituoni. Mwenye nyumba anakuta pete haipo, anapiga kelele, anamfukuza dada usiku ule ule na mambo yanaishia getini. Mtu huyo cheti chake kitakuwa cheupe. Vilevile kuandikwa kwenye kitabu cha matukio cha polisi, ile OB, si rekodi ya jinai. Mtu yeyote anaweza kwenda kumwandikisha mwingine kwa ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo.

Kikionyesha jambo, usikimbilie kufunga mlango. Soma ni nini. Kuna kutiwa hatiani, na kuna kesi inayoonekana bado haijaisha. Hii ya pili imeumiza watu wengi wasio na hatia, kwa sababu matokeo ya mahakama yasipofikishwa DCI, faili linabaki wazi. Dereva mmoja niliyetaka kumpa gari la watoto alikuwa na shtaka la wizi lililoonekana halijakatwa, ilhali aliachiliwa miaka sita nyuma. Tulikwenda naye masijala ya mahakama, akaomba nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri, akaipeleka barabara ya Kiambu ili rekodi irekebishwe, kisha akaomba cheti upya. Ilichukua miezi miwili. Nilimsubiri, maana kosa halikuwa lake.

Kutafuta hukumu za mahakama mwenyewe, bure

Tovuti ya Kenya Law, kenyalaw.org, inaweka wazi hukumu za Mahakama ya Juu, Mahakama ya Rufaa, Mahakama Kuu na nyingine kadhaa. Mtu yeyote anaingia, anasoma, halipi chochote. Hapa ndipo pa kutafuta pia pale ambapo huwezi kumwomba mtu cheti, kwa mfano mshirika wa biashara anayekutaka uweke milioni.

Andika majina matatu ya mtu ndani ya alama za kunukuu. Kisha badilisha mpangilio, la mwisho liwe la kwanza, kwa kuwa polisi na makarani huyaandika wanavyojua. Jaribu majina mawili mawili. Ongeza neno Republic, kwa sababu ndiyo Jamhuri inayoshtaki katika kesi za jinai.

Ujue pia unachokikosa. Kesi nyingi za jinai huanzia na kuishia kwa hakimu, na sehemu kubwa ya hizo hazimo. Ila mshtakiwa akikata rufaa, hukumu ya Mahakama Kuu humsimulia tangu mwanzo: ilikuwa mahakama gani ya chini, nambari gani ya kesi, kifungu gani, alihukumiwa miaka mingapi. Mara nyingine rufaa hiyo ndiyo iliyomwachilia, kwa hiyo soma mpaka aya ya mwisho. Niliwahi kupigiwa simu na rafiki aliyekuwa akitetemeka baada ya kukuta jina la mlinzi wake kwenye kesi ya wizi wa mabavu. Alikuwa amesoma aya tatu. Aya ya mwisho ilimwachilia mtu huyo, na juu ya yote, tukio lilikuwa Mombasa mwaka ambao mlinzi wake alikuwa darasa la sita.

Hilo la majina kufanana nalirudia kwa sababu ndipo dhuluma inapofanyika. Hukumu hazibebi nambari ya kitambulisho. Linganisha umri, mtaa, mwaka, kazi aliyokuwa akiifanya. Usipoweza kulinganisha vitu viwili zaidi ya jina, muulize mhusika. Habari za magazetini ni vivyo hivyo: gazeti huandika siku ya kukamatwa, na mara chache sana hurudi siku ya kuachiliwa.

Kwenda masijala

Hatua hii si ya kila mtu. Ni ya pale unapojua kulikuwa na kesi na unataka kujua iliishaje. Utahitaji mahakama na nambari ya kesi. Mara nyingi mhusika mwenyewe anayo, kwenye stakabadhi ya dhamana au ya faini. Kesi za Eastlands nyingi zilisikizwa Makadara, za upande wa Kibra na Lang'ata zikaenda Kibera, na za katikati ya mji na zile kubwa ziko Milimani. Unamwomba karani kulipekua jalada, unalipa ada yake kihalali na kupewa stakabadhi. Kesi zilizofunguliwa Nairobi tangu Julai 2020 ziko pia kwenye mfumo wa mahakama wa kielektroniki, na hizo hupatikana haraka zaidi.

Ndani ya jalada tafuta ukurasa wa mwisho wa mwenendo, utaona kifungu cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kilichotumika. Hapa watu hukosea sana. Kifungu cha 87(a) ni kuondolewa kwa shtaka na upande wa mashtaka: mtu ameachiliwa, ila anaweza kushtakiwa tena. Cha 202 ni pale mlalamishi hakufika na mahakama ikamwachilia mshtakiwa. Cha 204, mlalamishi ameondoa malalamiko yake, mara nyingi baada ya kusikizana. Cha 210, hakimu amesikiza mashahidi wa mashtaka na kuona hakuna la kujibu. Cha 215 ndicho cha hukumu baada ya pande zote kusikizwa, na kinaweza kuwa hatiani au huru. Katika yote hayo, ni hatiani peke yake inayomfanya mtu kuwa na hukumu ya jinai. Katiba, kifungu cha 50, inamhesabu mtu hana hatia mpaka ithibitishwe.

Kwa kazi zenye leseni

Hapa kuna njia fupi. Mwalimu halali ana nambari ya TSC, Tume ya Huduma za Walimu, na kuandikishwa kwake kulihitaji cheti cha maadili mema. Tume hiyo pia hutangaza majina ya walimu iliowafuta, wakiwemo waliofutwa kwa kuwadhulumu wanafunzi kingono. Shule na vituo vya malezi tusiajiri bila kuitazama orodha hiyo. Mlinzi anapaswa kuwa ameandikishwa chini ya sheria ya walinzi wa kibinafsi ya 2016. Dereva wa gari la abiria hutakiwa cheti cha maadili mema ili apewe kibali chake. Kwa wote hao bado naomba cheti kipya, kwa sababu kibali kilitolewa kitambo na maisha yameendelea.

Waliotoka nje ya Kenya

Nairobi ina mayaya na wapishi wengi kutoka Uganda na Tanzania. Cheti cha DCI kitaeleza ya Kenya tu. Mganda huomba chake Kampala kupitia ofisi ya Interpol ya polisi yao, na Mtanzania huomba cheti cha tabia njema kwa Jeshi la Polisi la Tanzania. Aliyeishi Uingereza huandikia ACRO, ofisi ya rekodi za jinai ya huko, na aliyeishi Marekani huomba muhtasari wa rekodi kutoka FBI kwa dola 18. Kwa yaya wa mshahara wa kawaida, kumtuma Kampala ni mzigo. Mwombe alete alichosafiri nacho, kisha weka nguvu kwenye simu kwa waajiri wa zamani.

Simu mbili zenye thamani kuliko muhuri

Huku kwa waajiri wa zamani ndiko nilikojifunza mengi kuliko kwenye karatasi yoyote. Lakini nambari uliyopewa inaweza kuwa ya binamu ya mwombaji. Muulize mwombaji nyumba ilikuwa mtaa gani, ploti gani, watoto wa pale wanaitwa nani, ulikuwa unapika nini Jumapili. Kisha mpigie huyo mwajiri wa zamani na umuulize yale yale, bila kumtangulizia majibu. Wakitofautiana hata jina la mtoto, simama hapo.

Baada ya salamu, nina maswali matatu tu. Alikaa muda gani? Aliondoka vipi? Ungempa mtoto wako tena? La tatu halijibiwi haraka. Sikiliza kimya kinachotangulia jibu. Kama anasema aliibiwa, uliza kama alimshuhudia au alimdhania, na kama alipiga ripoti. Wapo waajiri wanaomsingizia dada wizi ili wasimlipe mshahara wa miezi miwili, nimewakuta, kwa hiyo msikilize na dada pia.

Barua ya chifu au ya mzee wa Nyumba Kumi ni nzuri kwa kuthibitisha anakotoka na jamaa zake. Chifu haoni rekodi za DCI, basi usiichukue kama cheti.

Kampuni za uchunguzi

Zipo, na nyingine zinafanya kazi nzuri, hasa kwa anayeajiri watu 50 kwa mpigo na hana muda. Mwajiri wa mtu mmoja au wawili hazihitaji. Ukiamua kuitumia, iulize swali moja: rekodi ya jinai mnaipata wapi? Ikijibu kwamba mhusika atatoa idhini na alama za vidole, endelea nayo. Ikijibu kwamba wana mtu wao ndani, ondoka.

Ukishapata jibu

Mpishi wangu wa sasa alikuja na cheti chenye hukumu. Mwaka 2008, Mathare, alikamatwa na chang'aa, akashindwa kulipa faini, akakaa wiki kadhaa gereza la wanawake la Lang'ata. Alikuwa amenieleza kabla cheti hakijaja. "Mwalimu, nilikuwa na watoto watatu na debe moja," aliniambia, macho yake yakiwa sakafuni. Sheria iliyomfunga, ile iliyokuwa ikipiga marufuku chang'aa, ilifutwa mwaka 2010. Nikajiuliza: kosa hili linahusiana vipi na jiko la watoto? Limepita miaka mingapi? Amefanya nini tangu hapo? Kila jibu lilikuwa upande wake. Anapika kwangu mwaka wa sita sasa.

Maswali hayo matatu ndiyo ninayoyatumia kila mara. Mhasibu aliyehukumiwa kwa wizi wa mtumishi, kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu, sitampa sanduku la pesa mwaka unaofuata, ila naweza kumpa kazi nyingine. Kosa lolote dhidi ya mtoto, au la kingono, kwangu halina mjadala: hafanyi kazi karibu na watoto, hata kama limepita miaka 20.

Ukimkataa mtu kwa sababu ya rekodi, mwambie sababu uso kwa uso na umpe nafasi ya kujibu. Huenda ni lile faili lisilofungwa. Kisha funga mdomo. Usipige picha cheti chake ukakituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha estate "ili wengine wajihadhari". Anaweza kukushtaki kwa Kamishna wa Kulinda Data, ambaye ana uwezo wa kutoza faini inayofika shilingi milioni 5, na hata bila faini umemwondolea mtu riziki katika mtaa mzima.

Mimi vyeti vya waliopo naviweka kwenye kabati la chuma, ufunguo ninao peke yangu. Kila Januari nawalipia wote wapya, nami nikijilipia changu, na vya zamani tunavichoma nyuma ya jiko siku hiyo hiyo. Karatasi za ambao hawakupata kazi hazimalizi mwezi kabatini. Kabla ya kuzichoma humpigia mwenyewe simu, kwa sababu cheti kikiwa bado na miezi kumi ya uhai, kipo kwenye akaunti yake na kinaweza kumfaa kwa mwajiri mwingine bila kulipa tena 1,050.